Anaekuuzia "insulini ya kumeza" anakupiga: uzi wa peptaidi, polima na mtungi wa mama mkubwa

fundidawa_kusini (mleta uzi)

Habari za usiku wakuu. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa kisukari wa mwaka juzi, ule uliishia kwenye matusi na mizizi ya mlonge.

Kilichonileta ni mama mkubwa wangu. Yuko Msanga Mkuu, ng'ambo ya feri pale Mtwara, ana sukari miaka kumi na kitu, anachoma insulini, dawa ya kushusha sukari, ile nyeupe yenye ukungu asubuhi na jioni. Friji hana, basi kumbe muda wote kichupa chake kinakaa kwa jirani anaeuza barafu za ukwaju, kwenye friji la kugandisha, na mimi mtu wa duka la dawa mwenye cheti kimetundikwa ukutani niko huku mjini naulizia kwa simu tu, "mama dawa unaitunza vizuri?" ananijibu "vizuri mwanangu, iko kwenye baridi kali". Baridi kali! Na mimi nikaridhika nikakata simu.

Sukari ikaanza kupanda, kinywa kikavu, usiku anaenda haja ndogo mara sita, akidhani dawa imemzoea. Hapo ndipo akatokea mtu na begi, mpole, anasalimia watu wazima kwa adabu zote, akamuuzia kopo la vidonge elfu themanini. Kopo limeandikwa peptaidi, limeandikwa polima, limeandikwa na nano, eti ni insulini ya kumeza, sindano tupa. Mama mkubwa akatupa. Siku ya tano tulimvusha na pantoni anahema kama katoka kukimbizwa, pumzi inanuka kama mabibo yaliyolala juani siku mbili. Alilazwa, wakampambania, yupo hai na amenuna kwasababu nimelisema hili kwenye msiba mmoja mbele za watu, na saivi nalisema tena huku. Atanisamehe tu.

Kopo nilibaki nalo na kichupa nilibaki nacho. Tuanze na kichupa.

Hii insulini ya ukungu ikiwa nzima, ukiiweka mezani inajigawa, unga mweupe chini maji juu, ukiviringisha kwenye viganja kama mara kumi inakuwa nyeupe sawasawa kama tui jepesi. Cha mama mkubwa nilikiviringisha mpaka viganja vikapata joto, kikabaki na vipande vipande vinaelea kama tui lililokatika, na vingine vimeganda ubavuni kwenye kioo kama ukoko. Hiyo imeshakufa. Ikishaganda barafu hata ikiyeyuka hairudi, ila yeye alikuwa akiiona imeyeyuka anachoma tu, sasa anavuta vipande au anavuta maji, Mungu ndio anajua.

Kwanini inakufa? Peptaidi ni shanga. Chukua uzi, tunga shanga moja moja, hizo shanga ndio amino asidi, ziko za aina 20 na mpangilio wake ndio unaamua hii ni dawa, hii ni sumu, hii ni nyama tu. Insulini ina shanga 51, uzi mmoja wa 21 na mwingine wa 30, zimefungwa pamoja kwa vifundo vya salfa, alafu zimejikunja kwa umbo lake maalum. Mwingereza Frederick Sanger ndie aliyeupata mpangilio wote akapewa Nobel mwaka 1958. Mkunjo ukivurugika kwa joto kali au kugandishwa, shanga zote 51 zipo lakini zimeng'ang'aniana ovyo na mwili hauzitambui tena. Yai likishachemka bado ni yai, ila kifaranga usitegemee.

Sasa njoo kwenye kopo. Kwa tumbo lako insulini na mshikaki ni kitu kimoja, vyote ni protini, vimeng'enya vya tumboni na kwenye utumbo vinazikatakata shanga kabla hazijafika popote. Ndio maana tangu Banting na Best wa Toronto walipoitoa kwenye kongosho la mbwa mwaka 1921, na yule kijana Leonard Thompson wa miaka 14 akachomwa Januari 1922, mpaka leo watu wanachoma. Miaka zaidi ya mia. Walioshindwa kuifanya kidonge sio wajinga, ni maabara zenye hela kuliko bajeti ya mkoa, na mtu wa begi la bega kaipata yeye Msanga Mkuu?

Kwahiyo dawa ilishapatikana zamani. Kinachowahenyesha wanasayansi ni kuifikisha. Kuisafirisha, kuificha isiliwe njiani, kuitoa kidogo kidogo ikishafika. Humo ndimo polima zinapoingia, na ni maneno ya kweli yale, sema jamaa kayaiba.

Naendelea, ulizeni.

BintiMikindani

Nimekaa mbele kabisa na karanga zangu. Pole kwa mama. Naomba kuuliza jambo ambalo bibi yangu linamfanya akatae sindano mpaka leo, kuna mtu kamwambia insulini inatoka kwa nguruwe. Ni kweli?

fundidawa_kusini

Dada yangu swali zuri na usimcheke bibi, hajatunga. Kwa miaka mingi ilikuwa inatoka kwenye makongosho ya ng'ombe na nguruwe machinjioni, hiyo ni kweli. Mwaka 1978 watu wa kampuni ya Genentech kule California wakafanikiwa kuwapa bakteria maelekezo ya kutunga shanga za insulini ya binadamu, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1982. Ile insulini ya binadamu inayotumika hospitali zetu ni ya aina hii, inatengenezwa na bakteria au hamira kwenye matangi makubwa kama ya kupikia pombe. Mwambie bibi ni insulini ya mtu iliyopikwa na vijidudu, kama bado ana wasiwasi amuone sheikh wake na daktari wake wote wawili, asichague mmoja.

Alafu kuna hili, ile ya ukungu niliyoisema ukungu wake umetokana na samaki. Mdenmark mmoja Hagedorn mwaka 1936 alikuta kwamba ukiichanganya insulini na protamini, peptaidi iliyochukuliwa kwenye shahawa za samaki jamii ya samoni, inashikamana na haiyeyuki haraka, ukichoma inakaa chini ya ngozi inaachia taratibu. Kabla ya hapo watu walikuwa wanajichoma mara tatu nne kwa siku. Herufi NPH kwenye boksi, ile H ni Hagedorn mwenyewe. Kwahiyo mama mkubwa wangu mjane wa mvuvi anajichoma kitu cha samaki kila siku na hajui.

mkorosho_mkavu

Mkuu unaongea sana ila umepotosha. Shemeji yangu yupo Uingereza anameza kidonge cha Ozempic, ile dawa ya sukari, na hiyo ni peptaidi. Sasa tumbo lake halina vimeng'enya? Msiwe mnatishia watu ili wanunue sindano dukani kwenu.

fundidawa_kusini

Kiongozi tulia, na duka sio langu, mimi nimeajiriwa.

Shemeji yako anameza kweli, kinaitwa Rybelsus, ndani kuna semaglutidi ileile ya Ozempic, kilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 2019. Sasa muulize anakimezaje. Atakwambia asubuhi tumbo tupu, maji yasizidi nusu glasi, mililita 120, alafu anasubiri nusu saa hajala wala hajanywa chai. Akila mapema ni kama katupa. Ndani ya kidonge wameweka kemikali inayopunguza asidi palepale kidonge kilipotua kwenye ukuta wa tumbo, kama mtu anaetandika mkeka mdogo sokoni, na palepale dawa inapenya.

Na pamoja na ujanja wote huo kinachofika kwenye damu ni kama asilimia moja au chini ya hapo. Piga hesabu, anaechoma Ozempic anaweza kutumia miligramu 1 kwa wiki. Anaemeza, dozi ya miligramu 14 kila siku, mara siku saba ni 98. Karibu mia kwa moja, nyingine zote ni chakula cha tumbo. Kwa semaglutidi wanavumilia kwasababu inakaa mwilini kama wiki nzima, leo ikipenya kidogo kesho zaidi inajisawazisha. Insulini haina uvumilivu huo. Ikipenya pungufu sukari inapaa, ikipenya zaidi ya inavyotakiwa mtu anaanguka na anaweza asiamke. Kuna kampuni ya Israel, Oramed, walifika mbali kabisa na kidonge cha insulini, wakafika kwenye jaribio kubwa la mwisho, Januari 2023 wakatangaza hakikushinda kidonge tupu kisicho na dawa ndani. Kidonge tupu mkuu! Ndio ujue shughuli yake.

Hata hiyo familia ya Ozempic imeanzia pa ajabu. Daktari John Eng wa New York alichambua sumu ya mjusi mmoja wa jangwani Marekani, akachapisha mwaka 1992 kwamba ndani yake kuna peptaidi inafanana na homoni yetu ya utumbo ila haiharibiki haraka, ikaja kuwa dawa ya sindano mwaka 2005. Mjusi yule anakula milo michache sana kwa mwaka.

mkorosho_mkavu

Sawa nimekuelewa kwenye hiyo ya 98 kwa 1. Ila sijasema umeshinda.

KakaWaShangani

Mimi hapo kwenye polima. Si ndio plastiki? Yani mnatuwekea plastiki mwilini alafu mnaita tiba?

fundidawa_kusini

Polima ni shanga pia, tofauti yake peptaidi ina shanga za aina 20 kwa mpangilio maalum, polima ya kawaida ni shanga moja inajirudia rudia mamia au maelfu ya mara. Plastiki ni polima, lakini na wanga wa muhogo ni polima, pamba ni polima, gamba la kamba ni polima. Kwahiyo ukila ugali wa muhogo na kamba nazi umeshakula polima mbili, acha woga.

Na plastiki mwilini mbona mnayo siku nyingi? Dada zetu wenye vijiti vya uzazi wa mpango mkononi nyoosheni mikono (ule usio na kijiti). Kile cha kimoja, Implanon, ni polima, urefu sentimita 4, ndani miligramu 68 za homoni, kinaachia kidogo kidogo miaka mitatu. Vile viwili vya Jadelle ni silikoni, miaka mitano. Kinafanyaje kazi? Angalia mtungi wa maji. Umejaza maji ndani, hauna tundu, lakini nje umelowa jasho. Homoni inapenya kwenye ukuta wa kijiti hivyohivyo, taratibu, ukuta ndio unaamua kasi. Muda ukiisha kinatolewa, chenyewe hakiyeyuki.

Aina ya pili ndio inayonifurahisha mimi. Zile nyuzi za kushonea ndani ambazo mama akijifungua kwa upasuaji hatolewi, zinaisha zenyewe, zimekuwepo tangu miaka ya 1970. Polima zake zimeungwa kwa asidi ileile inayotengenezwa na misuli ukikimbia sana na ndugu yake mmoja, maji ya mwilini yanazikata vifundo polepole zinarudi kuwa asidi hizo mwili unazimaliza. Watu wakajiuliza, kama uzi unaweza kuisha wenyewe ndani ya mtu, si tuufanye unga, ndani ya kila punje tufungie dawa? Punje ikilika kama sabuni dawa inatoka. Ndivyo ilivyokuja Lupron Depot mwaka 1989, peptaidi ya shanga 9 tu, ya wazee wenye saratani ya tezi dume. Peptaidi ile ikichomwa peke yake ni sindano ya kila siku, ikifungiwa kwenye punje ni moja kwa mwezi. Mzee wa Newala anaetakiwa kupanda gari kufuata sindano, kila siku na kila mwezi ni maisha mawili tofauti kabisa.

Aliyefungua njia ni Robert Langer akiwa na daktari wa upasuaji Judah Folkman, mwaka 1976 walionyesha kwamba molekuli kubwa kama protini inaweza kutoka ndani ya polima taratibu kwa siku nyingi. Wakubwa wa fani walikuwa wameshaamua haiwezekani, molekuli kubwa haipiti ukutani. Langer mwenyewe huwa anasimulia maombi yake tisa ya mwanzo ya fedha za utafiti yalikataliwa. Tisa! Mimi nilikataliwa mkopo wa bodaboda mara mbili nikaacha.

Na KakaWaShangani nikuongezee hii. Unayajua yale maboksi meupe mepesi ya kuwekea samaki wa kupeleka Dar? Ile ni polistirini. Sasa Mmarekani Bruce Merrifield mwaka 1963 alichukua punje ndogondogo za polistirini, akafunga shanga ya kwanza ya peptaidi kwenye punje, akaosha, akafunga ya pili, akaosha, mpaka uzi unaisha ndio anaukata kwenye punje. Kabla yake ilikuwa ukitunga shanga moja unasafisha mchanganyiko mzima kwa wiki. Nobel 1984. Mashine nyingi za kutunga peptaidi leo zinafuata mtindo wake.

MamaChuno_2

Mwanangu na mimi nina hicho kijiti, kuna jirani anasema kinatembea kinafika kwenye moyo. Silali.

fundidawa_kusini

Shikamoo mama. Kipapase kwa kidole hapo ndani ya mkono wa juu, ukikisikia kipo pake, lala. Usipokisikia usisubiri maneno ya jirani, nenda kituo cha afya wakuangalie. Kuhama mbali imewahi kutokea ila ni nadra sana.

nahodha82

Wakuu mimi sio msomi, mimi ni wa baharini, nimezaliwa Msimbati. Hapo kwenye sumu ya mjusi umenikumbusha. Kuna yale makombe yenye umbo la pia ya kuchezea watoto, yana michoro mizuri kama kitambaa, wageni wanayapenda. Mzee wangu alikuwa anatupiga marufuku kuyaweka mfukoni, anasema yana mshale. Mimi nilijua anatutisha tu. Vipi na hayo yana peptaidi?

fundidawa_kusini

Nahodha!!! Nilikuwa naomba mtu wa bahari atokee. Mzee wako alikuwa professa.

Yale ni konokono, jamii ya Conus, na mshale ni kweli, ni jino lake lililogeuka mkuki wenye sumu, linatoka kwenye ile ncha nyembamba ya kombe. Yule mkubwa mwenye gamba jepesi, Conus geographus, anapatikana Bahari ya Hindi hadi Pasifiki, ameshaua watu na dawa ya kuzima sumu yake haipo. Kwahiyo likiwa hai msiliokote, mfukoni ndio kabisaa.

Sumu yake ni mchanganyiko wa peptaidi nyingi mno, kila moja fupi na ina kazi yake. Mfilipino mmoja, Baldomero Olivera, aliyekuwa anaokota makombe haya tangu utotoni kwao, akaenda kuzichambua Chuo Kikuu cha Utah. Peptaidi moja ya shanga 25 kutoka kwa ndugu yake mwingine, Conus magus, inaziba mlango ambao habari ya maumivu inapitia kwenye uti wa mgongo. Mwaka 2004 Marekani ikaruhusu itumike kama dawa ya maumivu makali yaliyoshindikana, jina la biashara Prialt. Sasa rudi kwenye shida yetu ileile, haimezwi, hata mkononi haichomwi, inabidi pampu iipeleke kwenye maji ya uti wa mgongo. Dawa ipo barabara hamna.

Alafu shika kiti. Mwaka 2015 kundi hilohilo la Utah wakachapisha kwamba geographus ndani ya sumu yake ana INSULINI. Sio ya kwake ya kula sukari, ni silaha, imefanana na ya samaki. Anaufungua mdomo kama wavu, anapulizia insulini majini, samaki wadogo wanaopita sukari yao inashuka ghafla wanalegea wanazubaa, anawameza wazimawazima. Yani kile kinachompata mgonjwa wetu akijichoma alafu asile, konokono anakifanya makusudi, anavulia.

Na insulini yake ina shanga 43, fupi kuliko ya kwetu ya 51. Ya kwetu kichupani inajikusanya sita sita, ukichoma inabidi kwanza ziachane ndio zianze kazi, ya konokono haijikusanyi, inafanya kazi saa hiyohiyo maana samaki hasubiri. Watafiti wanaifuata hiyo siri watengeneze insulini ya haraka zaidi.

nahodha82

Subhanallah. Mzee wangu angesikia haya. Yeye alikuwa anasema lina hasira tu.

mwani_wa_Kilwa

Wadau kwani na huu mwani wetu nao ni polima? Maana tunaloweka miguu huku tunauza kavu kwa bei ya kutupa, na nyie Mtwara mna korosho. Isije ikawa tumekalia dawa.

fundidawa_kusini

Mmekalia polima ndugu yangu, dawa ni neno jingine.

Hizo spinosamu na kotonii mnazofunga kwenye kamba ndani yake kuna karajinani, ndio ile inayofanya dawa ya meno isimwagike kama uji, na kuna magamba ya vidonge yanatengenezwa nayo badala ya jelatini ya mifupa na ngozi za wanyama. Mwani wa kahawia nao unatoa aljineti, ile dawa nzito ya kiungulia inayoelea tumboni juu ya chakula kama povu ni yenyewe. Gamba la kamba na kaa linatoa kitosani, kuna bandeji za kuzuia damu zinatengenezwa nayo.

Mkorosho una vitu viwili msichanganye. Kuna gundi inayochuruzika kwenye shina, ile tuliyokuwa tunabandikia makaratasi tukiwa watoto, Wabrazil wa kaskazini mashariki nao wana mikorosho na wameichunguza sana kama kibebeo cha dawa, wanaitengeneza vipunje vidogo mno kuliko unga. Bado ni utafiti. Na kuna yale mafuta ya ganda, yanayobabua vidole vya kina mama wabanguaji, ndani yake kuna kadanoli, inageuzwa polima ya breki za magari na rangi. Korosho ikisafirishwa na ganda lake, mafuta hayo yanapanda meli pamoja nayo. Naliendele hapa tuna kituo cha utafiti wa korosho kinajulikana kimataifa, mimi nikipita pale kwenye lami huwa najisemea siku moja kijana wa Tandahimba atakaa na ile gundi maabara aachane na kubandikia karatasi.

mingoko_jr

Kwahiyo mkuu nikikwangua gundi ya mkorosho nikasaga na metformini, vidonge vya sukari vya babu, si inakuwa ya kukaa muda mrefu? 😂

fundidawa_kusini

Wewe ndio yule mtu wa begi siku za mwanzo za kazi. HAPANA. Gundi ya mtini ina vumbi, ina fangasi, na hujui inaachia dawa kwa kasi gani. Dozi ya siku nzima ikimwagika ndani ya saa moja utamzika babu. Kazi nzima ya watu wa polima ni hiyo kasi, miaka inaishia hapo.

BintiMikindani

Sasa tuambie bibi aiweke wapi kama hana friji, maana umetutisha na jokofu la barafu ukatuacha hewani.

fundidawa_kusini

Haki yako. Kichupa ambacho hakijafunguliwa nyuzijoto 2 mpaka 8, ndio friji la kawaida, mlangoni au katikati, mbali na sehemu ya kugandishia. Kilichofunguliwa nyingi zinaruhusu kama wiki nne nje ya friji pasipo joto kali, ila soma karatasi ya ndani maana zinatofautiana, na kiandikie tarehe kwa kalamu. Kisikae dirishani, kwenye gari wala juu ya bati.

Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha majibu ya kipimo chao, walichukua joto halisi la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kaskazini mwa Kenya, kati ya nyuzi 25 na 37 linapanda linashuka, wakaziweka insulini humo wiki nne. Nguvu yake ikabaki karibu sawa na za kwenye friji. Sio ruhusa ya kuzembea, ila inamaanisha kwa kichupa kinachotumika ni heri kivulini nyumbani kuliko kwa muuza barafu.

Na mtungi. Mtungi mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga uliolowa, kitambaa kibichi juu, kichupa kwenye chombo kikavu ndani. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Ila tuseme ukweli, Dodoma kukavu unapoza zaidi, huku kwetu pwani hewa yenyewe imeshiba maji, jasho la mtungi halikauki upesi, Machi na Aprili msaada wake ni mdogo. Uweke upepo unapopita, usiuweke jikoni. Nimemuwekea mama mkubwa upenuni upande wa bahari, nikaweka na kipimajoto cha elfu kumi na tano, ananipigia kila jioni kunisomea namba kama mtangazaji wa hali ya hewa.

mkorosho_mkavu

Swali la mwisho na mimi nikalale. Kuna kinachokuja cha maana au ndio tutabaki na mitungi?

fundidawa_kusini

Kipo. Insulini ya mara moja kwa wiki, aikodeki, Ulaya waliiruhusu Mei 2024. Imebandikwa mkia wa mafuta unaojishikiza kwenye protini ya damu, inazunguka nayo inajiachia polepole, ujanja wa ukoo mmoja na wa semaglutidi. Wamarekani waliirudisha kwanza, wakitaka maelezo zaidi. Na mwaka huohuo Oktoba watu wa kampuni ya Novo Nordisk wakachapisha insulini yenye swichi, sukari ikiwa juu inafunguka ikishuka inajifunga, mpaka hapo imejaribiwa kwenye panya na nguruwe. Hiyo ndio ningependa mama mkubwa aione, maana kinachomtisha yeye sio kupanda, ni kushuka usiku akiwa peke yake.

Lini itavuka feri sijui na anaekwambia anajua muulize kopo lake linauzwaje.

nahodha82

Fundi huyo mtu wa begi nimemuona jana gatini Msanga Mkuu. Yuleyule, kofia ya kijani.

fundidawa_kusini

Unasema kweli? Nimeshapeleka kopo kwa mfamasia wa wilaya, wanataka kujua anapopatikana. Usimguse, usimtukane, mpigie picha tu kwa mbali nitumie inbox. Mimi nipo gatini huku mjini saivi pantoni linapakia, napeleka kichupa kipya kwenye mtungi. Mama kashapiga, nyuzi 26.